Si kila jiwe la Mirerani ni la kukatwa

Jiwe la tanzanite likitoka shimoni Mirerani, Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, jambo la kwanza linalofanyiwa ni kuvuliwa nguo. Linaoshwa hadi weusi wa kinywe, yaani grafiti ya kwenye penseli, uishe, kisha mtu anachukua koleo au nyundo ndogo na kuanza kubandua: chokaa nyeupe iliyong'ang'ania upande mmoja, kipande cha mwamba ambacho jiwe liliotea, vijiwe vya kijani ambavyo sokoni havina mwenyewe. Vyote vinaanguka chini. Kinachobaki kiganjani kinamulikwa tochi, kinawekwa kwenye mizani ya gramu, na hapo ndipo maneno ya bei yanaanza. Kilichoanguka hakimhusu broka, wala mwenye mgodi, wala ofisa wa serikali. Kitazolewa pamoja na kifusi.

Mimi nasema katika hicho kilichoanguka kuna mali na kuna elimu, na nchi hii imeamua, bila kukaa kikao hata kimoja, kwamba haivitaki.

Wapo watu duniani wanaolipia hicho hicho tunachobandua. Ni wakusanyaji wa madini. Maonesho yao makubwa ya Tucson, katika jimbo la Arizona kule Marekani, yalianza mwaka 1955, na mengine hufanyika Ujerumani na Ufaransa. Huko utakuta matajiri wenye makabati ya vioo, walimu wastaafu wenye visanduku vya karatasi, na watumishi wa makumbusho waliotumwa kununua. Hawatafuti kito cha kuvaa. Wanatafuta fuwele kama ilivyoota: kingo zote zipo, ncha haijamegeka, imekaa juu ya mwamba wake wa asili, na pembeni kuna karatasi inayosema imetoka mgodi gani.

Tanzanite ya namna hiyo ni adimu kuliko tanzanite ya pete, na sababu zake mchimbaji anazijua kuliko mimi. Jiwe lenyewe hupasuka kirahisi likigongwa upande fulani. Kule chini kunapigwa baruti. Lililonusurika baruti linakutana na nyundo. Lililonusurika nyundo linatupwa kwenye mfuko mmoja na mengine na kugongana nayo njia nzima hadi juu. Lililonusurika yote hayo linafika kwa broka mwenye koleo. Ndiyo maana fuwele moja nzima, ikiwa juu ya mwamba wake, inaweza kumpatia mwenye nayo fedha nyingi kuliko vito vyote ambavyo fundi angevitoa ndani yake.

Sasa linganisha na tunachohubiri. "Kuongeza thamani" imekuwa kauli mbiu ya sekta hii kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje tanzanite ghafi inayozidi gramu moja. Nia naielewa, tena naiunga mkono: kwa miaka mingi mawe yalikatwa Jaipur kule India, ajira zikabaki Jaipur, na Arusha ikawa mahali pa kupitishia mzigo. Anayesema mawe yakatwe hapa hapa hajakosea. Amekosea anayesema yakatwe yote.

Tazama sheria inavyoyagawa mawe. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, vito ghafi vinatozwa mrabaha wa asilimia 6 na juu yake ada ya ukaguzi ya asilimia 1, wakati kito kilichokatwa nchini kinatozwa mrabaha mdogo kuliko huo. Milango ni miwili tu, wa ghafi na wa kilichokatwa. Fuwele kamili, ambayo haihitaji kuguswa na mtu, inapitishwa mlango wa ghafi, yaani inahesabiwa kuwa kazi ambayo haijakwisha. Ikipelekwa kwa fundi, zaidi ya nusu ya uzito wake itaishia kuwa vumbi kwenye jiwe la kusagia. Kwa bonge lililovunjika vunjika, hiyo ni njia sahihi ya kupata kito, na sina ubishi nayo. Kwa fuwele kamili ni hasara yenye risiti.

Kuna na suala la moto, ambalo halizungumzwi sana nje ya Arusha. Tanzanite nyingi haitoki ardhini ikiwa na ile bluu ya dukani. Hutoka na rangi ya kahawia iliyochanganyika na zambarau, kisha huchomwa kwenye tanuri, nyuzi joto 500 na kuendelea, hadi bluu ijitokeze. Ukishika jiwe ambalo halijachomwa na kuligeuza taratibu mbele ya dirisha, utaona rangi tatu tofauti kulingana na upande unaotazamia: bluu, zambarau, na rangi ya tatu inayokaribia shaba au divai. Lichome, ile ya tatu inapotea. Mnunuzi wa pete hajali. Mkusanyaji anajali mno, na anauliza swali la kuchoma kabla ya kuuliza bei. Nimeona fuwele nzuri zikipelekwa tanurini kwa sababu tu mwenye nazo hakujua kwamba kuna mtu anayeitaka kahawia.

Kwa mawe makubwa tayari tunaielewa hoja hii. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Ukigawa, ni kama shilingi 538,000 kwa kila gramu. Nchi nzima ilishangilia hundi, na Agosti ya mwaka huo huo akaleta la tatu, la kilo 6.3. Lakini wakati wa shangwe zile sikumsikia mtu akipiga kelele kwamba mawe yale yaanze kukatwa mara moja ili yaongezewe thamani. Kila aliyeyaona kwenye televisheni alielewa kwa macho kwamba thamani yake ni kuwa vile yalivyo. Akili hiyo tunaikosa tukishuka kwenye jiwe la gramu 30.

Mpaka hapa nimezungumza kama mfanyabiashara. Kwangu mimi, hata hivyo, kifusi kina uzito zaidi kwa upande wa elimu.

Niliwahi kupewa kushika kipande kimoja cha Mirerani chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, ambacho kwa bahati hakikuwa kimebanduliwa. Tanzanite yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi ukucha. Lakini ilikuwa imekaa kwenye kitanda cha chokaa, na ndani ya chokaa hiyo kulikuwa na magamba ya kinywe yanayong'aa kama bati jipya, yakiacha alama nyeusi kwenye kidole. Pembeni kulikuwa na vijiti vya kijani kibichi vya diopsidi, na katikati yake punje moja ya dhahabu bandia, ile pairiti inayowadanganya wageni. Kipande kile kilikuwa kinaeleza mkasa mzima wa vilima vya Simanjiro, na mtu mwenye koleo angekimaliza kwa sekunde kumi.

Mkasa wenyewe ni huu. Mwamba wa Mirerani ulianza kama matope ya bahari ya kale, matope yaliyojaa masalia ya viumbe. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, matope yale yakazikwa kilomita nyingi chini, yakabanwa na kupikwa. Kaboni ya viumbe vile ikawa kinywe. Matope hayo hayo yalikuwa na metali iitwayo vanadi, na vanadi ilipoingia kwenye madini ya zoisiti ikayapa bluu, ndiyo tanzanite. Ilipoingia kwenye ganeti ikaipa kijani, ndiyo tsavoriti. Kwa hiyo ule weusi unaomganda Mwana-Apolo, yaani mchimbaji wa Mirerani, usoni hadi kwenye kope, ambao anauoga kila jioni na kuulaani, ni ndugu wa damu wa jiwe analolitafuta. Ukiona kinywe na tanzanite kwenye kipande kimoja, unaona ushahidi. Ukishabandua, unabaki na jiwe zuri la bluu lisiloeleza lilivyozaliwa.

Na hatujui yote yaliyomo. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya kabisa kutoka hapo, wakayaita merelaniiti kwa tahajia yao ya Merelani. Ni nywele nyeusi nyembamba mno, kila unywele ukiwa ni tabaka zilizojiviringisha kama mkeka, zenye molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Aliyeongoza utafiti, John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, ni mwanafizikia ambaye kinywe ni moja ya mambo anayoyapenda. Chama cha kimataifa cha wanamadini kikayachagua kuwa madini ya mwaka. Baadaye yakaja mengine, richarditi, yenye galiamu ndani yake, metali ambayo viwanda vya vifaa vya elektroniki vinaihitaji. Zamani kabla ya hayo, miaka ya 1970, kito kilichochanganywa na tanzanite kilipochunguzwa kilionekana kuwa aina ya aksiniti yenye magnesi ambayo sayansi haikuwa imeiona. Kisha kuna alabanditi, sulfidi ya manganisi, ambayo kwingine duniani huwa punje duni, lakini Mirerani ilitoa fuwele zake kubwa kiasi kwamba wakusanyaji waligombania.

Katika yote hayo, tazama nani aliyekuwa na kipande mezani. Nywele za merelaniiti zilionekana kwa sababu vipande ambavyo havikubanduliwa vilifika kwenye mikono ya mtu mwenye hadubini na subira. Vilikuwa vimetoka Tanzania. Hadubini ilikuwa Marekani. Hilo silalamikii, sayansi ni ya anayeifanya. Ninalouliza ni kwa nini mwanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam au Dodoma anayetaka kufanya utafiti kama huo apate shida zaidi kukipata kipande cha Mirerani kuliko mtu wa Michigan.

Jibu mojawapo ni woga. Siku moja, kwenye kibaraza cha madalali Arusha, nilikuwa nikitazama kipande cha madini ya kijani yaitwayo prehniti kilichokaa juu ya meza bila kuulizwa na mtu. Nikamuuliza mwenye nacho, "Kaka, hili la wapi?"

"La Mirerani, mzee."

"Shimo la nani? Kitalu gani?"

Akalivuta jiwe, akalifunika na leso. "Mzee wangu, unataka jiwe au unataka kesi?"

Simlaumu. Katika biashara hii anayeuliza chanzo ni askari, ofisa wa kodi, au mpinzani anayetaka kujua mgodi gani umetema ili awahi. Kununua na kuuza madini kunataka leseni, kusafirisha kunataka kibali, na tangu mwaka 2018 eneo lote la machimbo limezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Ukuta ulijengwa kuzuia utoroshaji na una sababu zake. Lakini kila mmoja amejifunza kwamba kauli salama kuliko zote kuhusu jiwe ni "sijui lilikotoka." Na jiwe lisilojulikana lilikotoka, kwa mkusanyaji na kwa mwanasayansi, limekufa nusu. Ndiyo maana katika mikusanyo mingi ya zamani utakuta lebo imeandikwa "Arusha, Tanzania" kwa jiwe ambalo halijawahi kuchimbwa Arusha mjini. Pengine mwandishi wa lebo aliandika mahali aliponunua, maana ndipo palipokuwa na mtu wa kumjibu.

Gharama ya kutoandika tumeilipa tangu siku ya kwanza. Hadi leo tunabishana nani aliyeiona tanzanite mwanzo mwaka 1967. Wapo wanaomtaja Ali Juuya wa Watu, Mmaasai. Jumanne Ngoma alitambuliwa na serikali, na Aprili 2018, siku Rais Magufuli alipozindua ukuta, alitangaziwa zawadi ya shilingi milioni 100, chini ya mwaka mmoja kabla hajafariki. Lakini kwa muda mrefu vitabu vya nje vilimtaja Manuel d'Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyekuwa akitafuta madini, kwa sababu moja kubwa: ndiye aliyekwenda kusajili madai yake, Julai 1967. Hakuwa na macho makali kuliko wafugaji waliokuwa wakipita pale na ng'ombe. Alikuwa na karatasi.

Kwa hiyo ninaposema tukusanye, simaanishi kujaza kabati. Namaanisha kipande na karatasi yake pamoja: jina la madini, mgodi, kina, mwezi na mwaka, na kilichokuwa kimeambatana nayo. Hayo matano yanamtosha mtafiti, na yote yako kichwani kwa Mwana-Apolo wakati anapotoka shimoni. Jioni yake yameanza kusahaulika. Likishapita mikononi mwa mabroka watatu, yamekwisha.

Kutunza vipande vizima tunakujua, kwa bahati au kwa ulazima. Pale Mundarara, Longido, rubi huota ndani ya zoisiti ya kijani yenye mabaka meusi. Rubi yake nyingi haipitishi mwanga, haifai kwa kito cha kioo, na mwamba wenyewe ni mzuri kuliko rubi peke yake, basi hakuna aliyehangaika kubandua; watu wanauchonga mzima. Kule Ndolezi, Mbozi, kimondo cha chuma kinachokadiriwa kufikia tani 16 bado kipo pale pale kilipoonekana. Tunapenda kujisifu kwamba tumekihifadhi. Ukweli ni kwamba tani 16 zinajihifadhi zenyewe, na hata hivyo wapo waliofika na msumeno wakaondoka na kipande.

Na kuna mfano ambao huniuma kidogo. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayotapika leo lava ya kabonati yenye magadi, nyeusi na nyepesi inapotoka, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe ndani ya siku chache. Moja ya madini yake makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Nimekutana na watu wengi wanaojua barabara, viwanja vya ndege na madaraja yenye jina lake, na ni wachache sana waliowahi kusikia madini yake. Kulionyesha si rahisi: kipande lazima kifungiwe kwenye chupa isiyopitisha hewa, la sivyo kinabomoka na kugeuka kitu kingine. Majirani zetu Kenya nao wana yao, kenyaiti na magadiiti, yaliyoelezwa mwaka 1967 kutoka Ziwa Magadi. Ukivuka hadi Katanga, wachimbaji wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakitoa malakiti na madini ya urani yenye rangi za kutisha kwa zaidi ya miaka mia, na mkusanyo mkubwa wa vipande hivyo uko Tervuren, Ubelgiji.

Nikifika hapa huwa kuna msomaji anayenikatiza: basi tudai virudi! Sina hamu na hoja hiyo. Vipande vingi vya Mirerani vilivyoko nje vilinunuliwa, vingine mara nne tano kabla ya kufika vilipo, na makumbusho yanayovitunza yanavitunza vizuri kuliko ambavyo tungevitunza sisi kwa bajeti ya sasa. Tofauti na mabaki ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, yaliyopelekwa Ujerumani, ambayo kila mfupa una historia yake ya ukoloni na mjadala wake ni wa haki, mawe haya bado yanatoka kila wiki. Kitakachokuwa hasara isiyorudishika ni kile kinachomwagwa kwenye kifusi leo. Mfuko wa madini uliokwisha kuchimbwa hauoti tena.

Makumbusho ya miamba na madini tunayo, Dodoma, chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na anayepita Dodoma aitembelee. Lakini mtoto wa Naisinyai, ambaye nyumba yao inatikisika baruti zikipigwa, hafiki Dodoma. Anasoma miamba kwenye jiografia ya sekondari kwa kukariri: ya moto, ya mashapo, iliyogeuzwa. Anaandika "iliyogeuzwa" kwenye mtihani akiwa amekaa juu yake, na hajawahi kuambiwa.

Ningetamani shule ile iwe na sanduku. Ndani yake kinywe, diopsidi, chokaa yenye pairiti, prehniti, hata kipande cha tanzanite chenye nyufa kisichofaa kukatwa. Na kwa kuwa kifusi hakina uhaba, iwe na visanduku vya kubadilishana. Mahenge watume spineli ya waridi ikiwa ndani ya marumaru yake, punje tu. Sisemi ile fuwele ya zaidi ya kilo 50 iliyotoka Ipanko mwaka 2007. Kyerwa watume bati, Ludewa chuma cha Liganga, Mbinga makaa ya Ngaka, Geita mwamba wa kwatsi uliobeba dhahabu, hata kama dhahabu yenyewe haionekani. Uvinza watume chumvi. Mwanafunzi wa Simanjiro atakayeshika makaa ya mawe ya Ngaka kwa mkono mmoja na kinywe cha kwao kwa mkono wa pili atakuwa ameelewa kitu kuhusu kaboni ambacho ubao hauwezi kumwonyesha. Kitakachosafiri si mali kubwa. Ni posta ya vifusi.

Tahadhari zipo na zisipuuzwe. Mirerani ina kumbukumbu mbaya ya watoto waliotumwa kutambaa kwenye mashimo membamba, wakaitwa nyoka. Sanduku la shule lisiwe kisingizio cha kumpeleka mtoto yeyote shimoni wala kwenye lundo la kifusi. Vipande viletwe na watu wazima waliokwisha kuvitoa. Vipande vya Katanga na vya baadhi ya maeneo ya Morogoro vina urani, havikai kwenye dawati. Na upo ujanja wa gundi. Tangu soko la fuwele zenye mwamba lijulikane, wapo mafundi wanaochukua tanzanite iliyong'olewa na kuibandika kwenye kipande cha chokaa kisichohusiana nayo. Kwa macho huoni. Ukimulika kwa taa ya urujuanimno gizani, mara nyingi gundi inang'aa kwenye kiungo na mchezo unaisha. Taa hiyo haina bei ya kutisha, na ningeiweka kwenye kila ofisi inayothamini mawe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la njaa. Wana-Apolo wengi hawana mshahara. Wanakula chakula cha mgodi, wanafanya kazi miezi wakisubiri uteme, na ukitema wanapata mgao. Kumwambia mtu huyo aache fuwele yake bila kuivunja kwa ajili ya sayansi ni kumtania. Kwa hiyo tusimwambie hivyo. Tumwambie bei. Iwapo mthamini wa serikali pale getini angekuwa na safu ya tatu kwenye daftari lake, kando ya "ghafi" na "lililokatwa", inayoitwa sampuli, na iwapo bei ya safu hiyo ingezingatia ncha, kingo na mwamba badala ya gramu na rangi peke yake, koleo lingejirudisha mfukoni bila semina. Wanawake wanaochekecha udongo, ambao macho yao ni makali kuliko ya wengi wetu, wangekuwa wa kwanza kujua ni kijani gani cha kuweka kando.

Najua jibu la wizarani: mlango wa sampuli utageuka kuwa mlango wa magendo. Mtu ataandika "diopsidi" na kupitisha tanzanite. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake imeshajengwa. Ukuta upo, lango lipo, wakaguzi wapo, na kila jiwe linalotoka linapita mbele ya macho yao. Mkaguzi anayeweza kutofautisha madaraja ya tanzanite kwa tofauti ndogo za bluu hahitaji zaidi ya dakika moja kuitambua chokaa yenye kinywe. Kibali kiwe cha bei ndogo, kwa shule, vyuo na makumbusho, kikiwa na ukomo wa uzito na orodha ya madini yasiyo vito vya biashara. Kipande chochote chenye tanzanite safi kirudi kwenye safu yake na kilipiwe mrabaha. Kilichobaki kiwekwe kwenye kisanduku, na mkaguzi huyo huyo, ambaye anajua kimetoka mgodi gani na siku gani, aandike lebo na kuigonga muhuri.

Waanze na kitalu kimoja kwa mwaka mmoja, waone ni kilo ngapi zimetoka na ni kesi ngapi zimefunguliwa.